Ghorofa la vioo halibebwi na vioo

Kila ghorofa jipya linapoanza kuvishwa vioo katikati ya Dar es Salaam, au kule Upper Hill, Nairobi, ubishi huwa uleule. Mmoja anasema jiji sasa limechangamka. Mwingine anasema hilo ni tanuri, tumeiga watu wa nchi za baridi bila kufikiri. Wa tatu anaapa hatapita chini yake, maana siku moja vile vioo vitamshukia mtu. Halafu anatokea mwenye swali la maana kuliko wote: hivi kioo, kitu kinachopasuliwa na jiwe la mtoto, kinabebaje ghorofa thelathini?

Ubishi hauishi kwa sababu watu wanajadili mambo manne kwa mpigo: nguvu, usalama, joto na rangi. Kila moja lina jibu lake. Kwa maoni yangu kesi nyingi dhidi ya kioo zinamkamata asiye na hatia. Iliyobaki, ya joto, ina ushahidi wa kutosha, ila mshtakiwa halisi ni mchoraji wa jengo na anayemlipa.

Swali la nguvu ndilo jepesi. Kioo hakibebi ghorofa. Zinazobeba ni nguzo, mihimili na sakafu za zege au chuma, zilezile unazoziona kwa miezi kadhaa kabla vioo havijafika. Vioo huingizwa kwenye fremu za aluminiamu, na fremu hufungwa kwa vishikizo vya chuma kwenye ukingo wa kila sakafu. Ukuta wa namna hii huitwa ukuta-pazia, kwa kuwa umening'inizwa tu. Kazi yake ni kujibeba wenyewe, kuhimili msukumo wa upepo na kuzuia mvua. Vibandue vioo vyote leo, jengo litabaki limesimama, isipokuwa wapangaji watalowa.

Uzito wenyewe si wa kupuuza. Kioo chenye unene wa milimita 1 kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba, hivyo cha milimita 6 kina kilo 15. Kipande cha milimita 10, upana mita moja na nusu na urefu mita tatu, kinavuka kilo 110, na ndiyo maana mafundi hukinyanyua kwa vishikio vya kunyonya vinavyong'ang'ania usoni mwa kioo. Hata hivyo ni chepesi mno ukikilinganisha na ukuta wa tofali za zege za inchi sita uliopigwa lipu, ambao mara nyingi unazidi kilo 200 kwa mita ya mraba. Hapo ndipo penye siri ya mapenzi ya wawekezaji kwa kioo. Ukuta ukiwa mwepesi, nguzo na msingi hupungua. Ukuta ukiwa mwembamba, eneo la kupangisha huongezeka. Fremu hutengenezwa kiwandani na kupandishwa haraka wakati sakafu za juu bado zinamwagwa zege. Urembo tunaobishania mitandaoni ni faida ya ziada tu.

Kioo cha jengo hutengenezwa kwa mchanga safi wa silika, magadi na chokaa. Mchanga peke yake huhitaji joto la takriban nyuzi 1,700 za Selsiasi ili uyeyuke. Magadi hulishusha joto hilo, na chokaa hukifanya kioo kisiharibiwe na maji. Kwa hiyo Afrika Mashariki imo katika biashara hii kuliko tunavyodhani: magadi yanayovunwa Ziwa Magadi, Kenya, yamekuwa yakisafirishwa nje kwa zaidi ya karne moja, na viwanda vya vioo ni miongoni mwa wateja wake wakubwa.

Zamani kazi kubwa ilikuwa kukifanya kioo kiwe bapa. Kilichoviringishwa kilitoka na mikwaruzo, kikabidi kisagwe na kung'arishwa pande zote mbili, kazi ya gharama na uchafu. Mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya St Helens, Uingereza, ilitangaza njia iliyobuniwa na Alastair Pilkington: kioo kilichoyeyuka humwagwa juu ya bwawa la madini ya bati yaliyoyeyuka, kikaelea na kujitandaza chenyewe, kikatoka upande wa pili kikiwa laini juu na chini. Karibu kila dirisha unalolifungua leo limepitia bwawa la namna hiyo.

Kuna uvumi wa zamani kwamba kioo ni kimiminika kinachotiririka polepole, na ushahidi wake eti ni madirisha ya makanisa ya kale Ulaya ambayo ni manene chini kuliko juu. Si kweli. Vioo vile vilitengenezwa kwa kuzungushwa vikiwa laini, vikatoka na unene usiolingana, na mafundi wengi waliona busara kuweka upande mzito chini. Kioo cha dirisha lako hakitashuka.

Sasa usalama. Anayeogopa kupita chini ya ghorofa la vioo ana historia upande wake. Mnara wa John Hancock mjini Boston, Marekani, wenye ghorofa 60, ulianza kudondosha vioo ukiwa bado unajengwa. Upepo mkali wa Januari 1973 uling'oa vioo vingi, na matundu yakazibwa kwa mbao hadi watu wa mji wakauita kasri la plaiwudi. Wengi waliulaumu upepo na kuyumba kwa jengo. Uchunguzi ukaonyesha kosa lilikuwa dogo na la aibu: kila dirisha lilikuwa na vioo viwili vilivyounganishwa pembezoni kwa madini ya risasi yaliyochomelewa, na kiungio hicho kilikuwa kigumu kupita kiasi. Kioo kilitaka kutanuka na kusinyaa kwa joto na baridi, kiungio kikakataa, ufa ukaanzia hapo na kuingia kwenye kioo. Vioo vyote 10,344 vilibadilishwa, vikawekwa vya tabaka moja vilivyokomazwa. Tangu hapo wahandisi wanajua kwamba roho ya ukuta-pazia iko kwenye raba, silikoni na nafasi ndogo za kupumulia baina ya kioo na fremu. Fundi anayekibana kioo kwenye aluminiamu bila raba, eti kishike vizuri, anarudia kosa la Boston kwa udogo.

Kuna aina tatu za kioo zinazotakiwa kujulikana na kila anayejenga, na gari lolote linakuonyesha mbili kati ya hizo.

Cha kwanza ni kioo cha kawaida. Kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha, na hivyo ndivyo vinavyoua. Kinafaa dirisha dogo lililo juu. Mlangoni, ngazini au bafuni hakifai kabisa.

Cha pili ni kioo kilichokomazwa kwa joto. Hupashwa hadi zaidi ya nyuzi 600 kisha hupulizwa hewa ya baridi ghafla. Ngozi ya nje huganda kwanza. Cha ndani kinapopoa na kusinyaa, huivuta ngozi ile na kuibana. Ili ufa uanze lazima kwanza ushinde mbano huo, ndiyo maana kioo hiki kina nguvu mara nne au tano ya cha kawaida. Kikishindwa, husambaratika chote kwa wakati mmoja kuwa punje butu. Ndicho cha madirisha ya pembeni ya gari. Kikishakomazwa hakikatwi wala kutobolewa tena, hivyo fundi anayekuahidi kwamba atakipunguza kidogo pale pale mlangoni ama hajui alichonacho, ama amekuletea cha kawaida. Chenyewe kwa kawaida huwa na muhuri mdogo kwenye kona.

Hiki ndicho kioo kinachopasuka chenyewe usiku wa manane, meza ikalipuka, au mlango wa bafu ukamwagika hakuna aliyeugusa, na kabla ya asubuhi watu wameshaanza kutajana majina ya majirani. Chanzo kinachojulikana zaidi ni chembe ndogo sana ya salfaidi ya nikeli iliyonaswa ndani wakati wa kuyeyusha. Chembe hiyo hutanuka taratibu kwa miezi au miaka, na ikiwa katikati ya kioo, palipo na mvutano, siku moja inauvunja mlingano wote. Viwanda makini huvipasha vioo vya maghorofa tena hadi karibu nyuzi 290 kwa saa kadhaa, ili vyenye chembe hizo vipasukie huko huko tanurini. Makampuni yanayotaka bei ya chini huiruka hatua hiyo. Sababu nyingine ya kawaida haina fumbo lolote: ukingo uligongwa wakati wa kufunga.

Cha tatu ni kioo cha tabaka: vioo viwili vimebana utando wa plastiki katikati. Mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus alipata wazo lake mwaka 1903, baada ya chupa ya maabara kuanguka na kupasuka bila kusambaa kwa sababu ndani yake palikuwa na mabaki makavu ya dawa yaliyoshika vipande. Ndicho kioo cha mbele cha gari: jiwe likikipiga kinachora utando wa buibui, lakini kinabaki mahali pake. Kwa paa la kioo, sakafu ya kioo na kizuizi cha roshani, hiki ndicho kinachotakiwa. Watu wengi wanaweka kwenye roshani kioo kilichokomazwa cha tabaka moja wakiamini wametimiza wajibu. Mtu akikiegemea na kikavunjika, hakimkati, ila hapo alipoegemea hapana tena kitu cha kumzuia.

Tukifika kwenye joto, wanaolalamika wana haki, ingawa mara nyingi wanataja sababu isiyo sahihi.

Ingia kwenye gari lililoachwa juani saa nane mchana, madirisha yamefungwa. Jua la siku hiyo ni lilelile lililoko nje, lakini ndani hapakaliki. Mwanga wa jua hupenya kioo kwa urahisi, pamoja na sehemu kubwa ya mionzi ya jua ambayo macho hayaioni. Ukifika ndani hunyonywa na viti na dashibodi, navyo vikapata moto. Vitu hivyo navyo hutoa mionzi yao ya joto, lakini ya aina ambayo kioo hakiipitishi. Hewa iliyopashwa nayo haina pa kutokea. Ghorofa la vioo lililofungwa pande zote ni gari hilo, lenye mamia ya watu ndani wakijaribu kufanya kazi.

Hesabu yake si ngumu. Dirisha linalotazama magharibi, saa kumi jioni siku ya anga safi, linaweza kupigwa na nishati ya wati 600 kwa kila mita ya mraba. Kioo cheupe cha milimita 6 huipitisha takriban asilimia 80 yake. Ofisi yenye ukuta wa kioo wa mita 10 za mraba upande huo inapokea basi kama wati 4,800 za joto. Kiyoyozi cha BTU 12,000, kile cha chumba cha kulala, huondoa takriban wati 3,500. Kwa hiyo kiyoyozi kizima hakitoshi kuliondoa jua tu, kabla hujahesabu watu na kompyuta.

Hapo ndipo muuzaji anapokuja na dawa yake: vioo viwili viwili, vyenye nafasi ya hewa katikati, "kama Ulaya". Ni kweli vioo viwili hupunguza kwa nusu joto linalovuja kutoka upande wa moto kwenda wa baridi. Tatizo ni kiasi cha joto hilo. Chukua ukuta uleule wa mita 10 za mraba, Dar es Salaam, nje nyuzi 32 na ndani 26. Tofauti ni nyuzi sita tu. Kioo kimoja kitavujisha karibu wati 350; vioo viwili, karibu 170. Umeokoa wati 180, ilhali jua linaendelea kumimina maelfu, maana vioo viwili vyeupe bado hupitisha zaidi ya theluthi mbili ya nishati yake. Katika mji wa kaskazini ya mbali, ambako tofauti kati ya ndani na nje hufika nyuzi 40 wakati wa baridi, hesabu ile ile inaokoa zaidi ya wati 1,000 usiku na mchana. Huko vioo viwili ni lazima. Hapa kwetu vina sababu nyingine za kuvinunua, kelele za barabarani ikiwa mojawapo, ila ukiambiwa ndivyo vitakavyoipoza nyumba yako ya Kigamboni, uliza mara mbili.

Hata Dubai, mji ambao wengi wetu huutolea mfano, hautufanani katika hili. Burj Khalifa, lenye urefu wa mita 828 na lililofunguliwa mwaka 2010, limevishwa vioo zaidi ya 26,000, lakini kiangazi nje huvuka nyuzi 40 na dirisha haliwezi kufunguliwa hata ukitaka. Jengo limefungwa kwa sababu nje hapafai. Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, au Kigali yenye takriban 1,500, nje panafaa karibu mwaka mzima. Kulifunga jengo huko ni kuukataa upoaji wa bure, kisha kuununua kwa umeme.

Tena hizi si habari mpya. Joseph Paxton alipojenga jumba kubwa la vioo kwa ajili ya maonyesho ya London mwaka 1851, lenye vioo karibu 300,000, alitandika vitambaa juu ya paa na kuweka vibao vya kupitisha hewa ukutani, kwa kuwa alikuwa mtunza bustani na alijua banda la vioo hufanya nini na jua. Hiyo ni London! Le Corbusier, mchoraji maarufu wa majengo, hakuwa na tahadhari hiyo. Mwaka 1933 jengo lake la kuhifadhi maskini mjini Paris, Cité de Refuge, lilifunguliwa likiwa na ukuta mkubwa wa kioo unaotazama kusini, upande wa jua kwa wao, madirisha hayafunguki na mitambo ya kupoza aliyoikusudia haikuwekwa kwa kukosa fedha. Kiangazi wakazi wakapikika. Baadaye madirisha yalifunguliwa na kukingwa kwa vibao vya zege vya kuzuia jua, na Le Corbusier akawa mhubiri mkubwa wa vibao hivyo hivyo.

Kilichoiua busara ya Paxton ni kiyoyozi. Lever House ya New York, iliyokamilika mwaka 1952, ilikuwa sanduku la kioo lililofungwa kabisa na kupozwa kwa mashine, na dunia nzima ikaliiga. Umbo lile lilizaliwa likiwa na bili ya umeme ndani yake. Sisi tumelichukua umbo, tukasahau kuuliza bili.

Basi tunatumia tinti, watasema. Kioo cha tinti, cha kijivu au cha rangi ya shaba, kimetiwa rangi ndani kwa ndani, nacho hufanya kazi kwa kulinyonya jua. Cha kijivu cha milimita 6 hupitisha chini ya nusu ya mwanga, lakini karibu asilimia 60 ya nishati ya jua huishia ndani, kwa kuwa kile kinachonyonywa na kioo hutolewa tena kama joto, pande zote mbili. Kiguse alasiri utajua. Matokeo yake ni ofisi ambazo saa tano asubuhi, jua likiwaka nje, zimewasha taa zote. Giza si ubaridi.

Karatasi nyeusi inayobandikwa kwenye kioo kilichokwisha kufungwa ina hatari yake pia. Kioo cha kawaida kinachonyonya joto hutanuka katikati, wakati ukingo wake, uliofichwa ndani ya fremu au chini ya kivuli, bado ni wa baridi. Mvutano huo ukizidi, ufa huanzia ukingoni na kutambaa. Mwenye nyumba atamlaumu aliyefunga kioo miaka mitatu iliyopita.

Vioo vya kuakisi, vile vinavyong'aa kama fedha au buluu, vina ufanisi zaidi kwa sababu hurudisha sehemu ya jua lilikotoka. Swali ni linarudi wapi. London mwaka 2013, ghorofa la 20 Fenchurch Street, lililochorwa na Rafael Viñoly likiwa na uso uliobonyea kwa ndani, lilikusanya miale na kuielekeza barabarani kwa takriban saa mbili kila siku. Gari aina ya Jaguar lililoegeshwa hapo likayeyuka kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma na baadhi ya vipande vya mwili wake. Mwaka uliofuata jengo likafungiwa vibao vya kuzuia jua. Si kila jengo limebonyea hivyo, lakini jirani wa jengo la kuakisi upande wa pili wa barabara anapata jua la pili ambalo hakuliomba.

Na wale wanaoweka kioo cha kuakisi nyumbani wakiamini wapita njia hawaoni ndani: kioo hicho hakijui ndani wala nje, kinajua palipo na mwanga mwingi. Mchana mwanga uko nje, hivyo aliye nje hujiona mwenyewe. Usiku ukiwasha taa za sebuleni, mambo yanageuka. Wewe unajitazama, na mtaa mzima unakutazama. Pazia bado linahitajika.

Kipo kioo kilicho bora kweli kweli. Hupakwa utando mwembamba sana wa fedha, haba kiasi kwamba jicho halioni, unaoruhusu karibu nusu ya mwanga kupita na kuzuia robo tatu au theluthi mbili ya nishati. Kwenye ile ofisi yetu ya magharibi, wati 4,800 zingeshuka hadi 2,000 au chini ya hapo. Utando bora wa aina hii huharibika ukiachwa wazi, hivyo hufungiwa ndani ya vioo viwili, na hiyo ndiyo sababu nzuri ya kununua vioo viwili huku kwetu. Bei yake ni ya juu, huagizwa kutoka mbali, na wakati wa kupunguza gharama ndicho cha kwanza kufutwa kwenye makadirio. Jengo linabaki na michoro ya kioo hiki na mwili wa kioo kingine.

Lakini kioo chochote, hata cha fedha, kinapambana na jua lililokwisha fika ukutani. Kivuli kinalizuia kabla. Pazia la ndani ndilo linalochelewa zaidi: linapolipokea jua, joto limeshaingia chumbani.

Eneo letu lina bahati ambayo wenzetu wa mbali na ikweta hawana. Jua la mchana hupita juu sana. Dar es Salaam, mwezi Juni saa sita mchana, liko kaskazini kwenye kimo cha nyuzi takriban 60 kutoka upeo wa macho. Desemba liko kusini, kwenye nyuzi 73 hivi. Kibaraza kilichotokeza sentimita 87 juu ya dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita moja na nusu kinalifunika lote saa sita mchana hata siku hiyo mbaya ya Juni. Upande wa kusini, sentimita 45 zinatosha. Kwa kipande cha zege cha bei nafuu, kioo cha kawaida kabisa kinakuwa rafiki, na mwanga unaoingia ni ule uliopoa, unaotoka angani na kwenye bustani.

Mashariki na magharibi ni kesi nyingine. Asubuhi na jioni jua liko chini, linaingia moja kwa moja chini ya kibaraza. Hapo suluhisho ni vibao vya wima vilivyoinamishwa, veranda yenye kina, miti, au kutoweka kioo kingi. Ngazi, lifti, vyoo na stoo zikipelekwa magharibi hazimkeri mtu. Zungukia maghorofa ya mjini kwetu uone ni mangapi yamevishwa kioo kilekile, kwa kiasi kilekile, pande zote nne, kama vile jua halina tabia. Beit el-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, ilizungushiwa veranda pana kila ghorofa. Waliolijenga hawakuwa na kikokotoo cha wati. Na hatuhitaji kurudi nyuma hivyo. Ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Gigiri, Nairobi, mwaka 2011 zina kioo cha kutosha, lakini zimepangwa kuzunguka ukumbi ulio wazi katikati, ambako hewa moto hupanda na kutoka, na watu wanafanya kazi bila viyoyozi.

Tofauti ya miji isipuuzwe. Nairobi mwezi Julai, jua la asubuhi kupitia dirisha la mashariki ni neema, na mchoraji mwenye akili atalikaribisha. Mombasa au Dar, hakuna mwezi ambao utalishukuru. Mchoro mmoja hauwezi kufaa miji yote hiyo.

Limebaki jambo la dirisha kufunguka, na hapa nyumba zetu za kawaida zina hatia kuliko maghorofa. Madirisha ya zamani ya luva, yale ya vipande vya kioo vinavyoinamishwa kwa mkono, yalikuwa yakifunguka karibu eneo lake lote hata mvua ikinyesha. Tumeyang'oa kwa kuwa yalionekana ya kishamba na kwa kweli wezi waliyapenda. Badala yake tumeweka aluminiamu ya kusukuma, ambayo kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine, hivyo dirisha la mita mbili hutoa uwazi wa mita moja tu. Wavu wa mbu unapunguza tena upepo. Kisha tunanunua feni. Dirisha la bawaba, linalofunguka lote kwa nje chini ya kibaraza, hugharimu zaidi kidogo, na grili inaweza kuwekwa ndani.

Kwa ghorofa lililofungwa kabisa, swali hili huwa kali zaidi umeme unapokatika na jenereta ikabeba lifti na taa peke yake. Mpangaji wa ghorofa ya kumi na nne hana hata dirisha moja la kufungua. Kabla ya kusaini mkataba wa ofisi kama hiyo, muulize mwenye jengo ni madirisha mangapi yanafunguka na jenereta inaendesha nini. Muulize pia kioo kikipasuka kule juu kinapatikana wapi, kwa sababu vingi huagizwa nje kwa vipimo na rangi maalumu, na cha kuziba huchukua miezi kufika.